Jino Lililozidi Hujulikana kwa Jino Lililokosekana: Namna Meno ya Ziada Yanavyotambuliwa na Kutibiwa

Mtoto wa miaka 8 analetwa kwa daktari wa meno akiwa na pengo mbele. Jino moja la kati la juu liliota mwaka uliopita, zima na pana kama ilivyotarajiwa, lakini la pili halijaonekana, na mzazi ameshaamini kwamba jino hilo halikuumbwa kabisa. Daktari anapiga picha ya eksirei, na jino linalodhaniwa kuwa halipo linaonekana ndani ya mfupa, taji lake, yaani sehemu inayopaswa kuonekana kinywani, limekamilika, ila njia yake imezibwa na jino jingine dogo lisilo na nafasi katika hesabu ya kawaida. Upungufu uliompeleka mtoto kwa daktari umeletwa na ziada. Hapo ndipo mada ya meno ya ziada inapowachanganya watu, kwa kuwa wengi hutarajia jino lililozidi lichomoze mahali linapoonekana, ilhali katika sehemu ya mbele ya taya la juu, ambako meno hayo hupatikana zaidi, ni takribani robo tu yanayoota. Yaliyobaki hukaa mfupani, na habari zake huletwa na majirani zake.

Binadamu huwa na meno 20 ya utoto, 10 katika kila taya, na baadaye meno 32 ya ukubwani, ikiwa magego manne ya mwisho yatahesabiwa pamoja na mengine. Jino lolote linaloongezeka juu ya mpangilio huo, liwe limeota au limefichika, ni jino la ziada. Tafiti za jamii mbalimbali zimeyakuta katika meno ya ukubwani ya asilimia kati ya 0.1 na 3.8 ya watu, na katika meno ya utoto ya asilimia kati ya 0.3 na 0.8. Upana wa makadirio hayo unatokana kwa sehemu na namna ya kuhesabu, kwa sababu anayetazama kinywa kwa macho pekee hataona kinachoonwa na anayetumia eksirei. Katika meno ya ukubwani, wanaume huwa na hali hii takribani mara mbili ya wanawake. Katika meno ya utoto huenda mengine hupita bila kujulikana, kwa kuwa jino la ziada la umri huo mara nyingi hufanana na mengine na hupata nafasi ya kutosha ya kukaa kwenye safu.

Hesabu ya jumla, hata hivyo, hudanganya. Mtu anaweza kuwa na meno 28 na bado moja kati yake likawa la ziada, kwa sababu mengine hayakuumbwa au yameshang'olewa. Kwa hiyo daktari huhesabu kwa aina: meno ya mbele mangapi, chonge ngapi, magego madogo mangapi na magego makubwa mangapi, upande kwa upande. Vilevile kuna hali zinazofanana na ziada bila kuwa ziada. Mtoto wa miaka 6 anapoota meno ya ukubwani nyuma ya meno ya utoto ambayo hayajang'oka, huonekana ana safu mbili, lakini kila jino lina nafasi yake katika hesabu na kwa kawaida lile la utoto hulegea baadaye. Jino pana lenye mfuo katikati linaweza kuwa meno mawili yaliyoungana, au kichipukizi kimoja kilichojaribu kugawanyika kikaishia njiani. Hata jino ambalo mtoto mchanga huzaliwa nalo, mara nyingi mno ni jino la kawaida la utoto lililowahi kuota, na anayeling'oa akidhani ni la ziada humwachia mtoto pengo litakalodumu kwa miaka.

Asili ya meno haya huanzia mbali. Takribani wiki ya 6 ya mimba, utando wa kinywa cha kiinitete hujenga ukanda wa seli unaozama ndani ya tishu zitakazokuwa taya, na kwenye ukanda huo huchipuka vichipukizi vya meno, kila kimoja mahali pake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sehemu ya ukanda huo huendelea kufanya kazi pale ilipopaswa kunyamaza, ikatoa kichipukizi kimoja zaidi. Maelezo mengine, yanayofaa hasa kwa jino la ziada linalofanana na jirani yake, ni kwamba kichipukizi kimoja hugawanyika kikawa viwili. Dhana ya zamani kwamba meno haya ni kumbukumbu ya mababu wa kale waliokuwa na meno mengi haina watetezi wengi tena, na kwa maoni yangu haikuwahi kueleza kwa nini jino la ziada hutokea mara nyingi hivyo katikati ya taya la juu. Urithi una nafasi yake, kwa kuwa hali hii huonekana zaidi miongoni mwa ndugu wa damu, ingawa haifuati kanuni moja nyepesi ya kurithishana.

Maabara nayo imeongeza jambo. Panya wasio na protini iitwayo USAG-1, ambayo kazi yake ni kuzuia baadhi ya ishara za ukuaji wa jino, huota meno ya ziada. Watafiti wa Kyoto nchini Japani waliupindua ugunduzi huo: kama kukosekana kwa kizuizi huzalisha jino, basi kukizima kwa makusudi kunaweza kumwotesha jino aliyelikosa. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya kingamwili waliyoijaribu kwa wanyama, na mwaka 2024 jaribio la kwanza kwa binadamu, la kupima usalama wake, likaanza. Ziada imegeuka kuwa mlango wa kuuelewa upungufu, ingawa hilo bado halijafika katika chumba cha matibabu.

Umbo la jino la ziada humpa daktari nusu ya jibu. Lililo la kawaida zaidi ni dogo, lenye umbo la pia, na hukaa katikati ya taya la juu, kati ya meno mawili makubwa ya mbele au nyuma yake, na wataalamu huliita mesiodensi. Mzizi wake hukua sambamba na mizizi ya jirani zake au hata kuitangulia, na ndiyo maana baadhi huota, wakati mwingine kama kijino kilichochongoka katikati ya mwanya. Mengine hugeuka juu chini, ncha ikielekea puani, na hayo hayataota kinywani hata yakingojewa kwa miaka. Aina ya pili ina umbo la pipa na vinundu kadhaa juu ya taji lake, mzizi wake huchelewa au haukamiliki, mara nyingi huwa mawili pamoja, na hukaa upande wa kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Hili huota kwa nadra sana, na ndilo hasa huzuia meno ya mbele yasishuke, kwa hiyo daktari akikutana nalo hana sababu ya kutumaini kwamba mambo yatajinyoosha yenyewe. Aina ya tatu ni nakala halisi ya jino la kawaida, mara nyingi jino la pembeni la mbele la juu. Ipo na odontoma, ambayo ni rundo la vijino vidogo vingi au donge la tishu ngumu za jino zisizo na mpangilio. Wapo wanaoihesabu pamoja na meno ya ziada, na wapo wanaoiweka miongoni mwa vivimbe visivyo vya saratani. Nyuma ya kinywa huweza kutokea gego la nne, au kijino kilichobanana kando ya magego.

Madhara hutegemea zaidi mahali jino lilipo kuliko ukubwa wake. Lililosimama kwenye njia ya jino jingine huzuia kuota, lililokaa kati ya mawili huyatenganisha na kuacha mwanya mpana, na lililo kando ya mzizi huusukuma hadi jino jirani lizunguke au lielekee pasipofaa. Lile lililoota nje ya safu huleta msongamano na pembe zisizofikika kwa mswaki, ambako meno huoza na fizi kuvimba. Yaliyofichika yanaweza kuzungukwa na uvimbe wenye majimaji unaoanzia kwenye mfuko wa taji na kula mfupa polepole, na kwa nadra huchimba mzizi wa jirani. Pamoja na hayo yote, ni lazima isemwe kwamba mengine hayafanyi lolote. Hugunduliwa kwa bahati, mtu akiwa na miaka 40, katika picha iliyopigwa kwa sababu tofauti kabisa.

Dalili inayostahili kuangaliwa mapema ni mpangilio wa kuota usiofuata zamu. Meno mawili ya kati ya juu kwa kawaida huota mtoto akiwa na miaka 7 hadi 8, na ya pembeni hufuata mwaka mmoja hivi baadaye. Ikiwa jino moja limeota na la upande wa pili limechelewa kwa zaidi ya miezi 6, ikiwa meno ya mbele ya chini yameota kwa mwaka mzima na ya juu hayajaonekana, au ikiwa ya pembeni yametangulia ya kati, sababu inapaswa kutafutwa wakati huohuo, si kusubiriwa. Jino la utoto linalogoma kulegea ilhali la upande mwingine lilishang'oka, mwanya usio wa ulinganifu, jino moja lililozunguka peke yake na kinundu kigumu kwenye kaakaa huingia katika kundi hilo. Daktari hupapasa ufizi kwa kidole mbele na nyuma, kwa sababu jino lililo karibu na uso wa mfupa huinua umbo la ufizi, na pia huuliza kama mtoto aliwahi kuanguka na kuumia meno ya utoto, kwa kuwa jeraha la aina hiyo nalo huweza kuchelewesha jino la chini yake.

Baada ya kupapasa huja picha, na hapa pana mtego ambao wasiohusika na kazi hii hawaujui. Picha ya panorama, inayoonyesha mataya yote mawili kwa mkupuo mmoja, ni nzuri kwa kuhesabu, lakini hunasa kwa ukali tabaka jembamba tu la mfupa. Sehemu ya mbele katikati ndipo tabaka hilo linapokuwa jembamba zaidi, tena kivuli cha uti wa shingo huangukia hapohapo. Kwa hiyo jino la ziada lililo nyuma kidogo ya meno ya mbele linaweza kufifia hadi lisionekane. Ndiyo sababu picha ndogo ya ndani ya kinywa, au ile ambayo mgonjwa huuma kibao chake, huongezwa kwa eneo la mbele.

Picha bapa husema jino lipo, ila haisemi kama liko upande wa mdomo au wa kaakaa, na mpasuaji hawezi kuanza bila kujua hilo. Suluhisho ambalo mtaalamu aitwaye Clark alilieleza mwaka 1910 bado linatumika. Inua vidole viwili mbele ya uso, kimoja nyuma ya kingine, fumba jicho moja, kisha sogeza kichwa kulia: kidole cha mbali kitaonekana kimeenda kulia pamoja nawe, na cha karibu kimeenda kushoto. Vivyo hivyo picha mbili hupigwa huku mashine ikihamishwa kidogo. Jino ambalo kivuli chake kimefuata mwelekeo wa mashine liko mbali nayo, yaani upande wa kaakaa, na lililokwenda kinyume liko upande wa mdomo. Meno mengi ya ziada ya sehemu ya mbele huangukia upande wa kaakaa.

Siku hizi skani ya CT ya meno, inayotumia mwali wenye umbo la pia na kutoa taswira ya pande tatu, humaliza ubishi kwa kuonyesha umbali kati ya jino na mizizi ya jirani. Haifai kuwa picha ya kwanza kwa kila mtoto. Picha ndogo ya ndani ya kinywa huwa na mikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) chache na panorama huwa na takribani 10 hadi 25, lakini skani huweza kuanzia makumi hadi kufikia mamia, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo. Kwa kulinganisha, mtu hupokea kutoka katika mazingira wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Kiwango cha skani hakitishi, ila kinahitaji sababu, na sababu njema ni pale jibu lake linapoweza kubadilisha njia ya upasuaji au uamuzi wenyewe wa kupasua.

Idadi nayo ni ushahidi. Kwa zaidi ya robo tatu ya watu wenye hali hii jino la ziada ni moja tu, nalo aghalabu halina maana nyingine yoyote mwilini. Yakiwa mengi, daktari makini huacha kutazama kinywa pekee. Katika hali ya kurithi inayotokana na hitilafu ya jeni iitwayo RUNX2, meno ya ziada kadhaa hukaa mfupani, meno ya utoto hukataa kung'oka, utosi huchelewa kufunga, na mifupa ya mtulinga huwa mifupi au haipo, hata mtu akaweza kuyakutanisha mabega yake mbele ya kifua. Sindromu ya Gardner, hali nyingine ya kurithi inayotokana na hitilafu ya jeni ya APC, ni nzito zaidi. Pamoja na meno ya ziada na vinundu vya mfupa kwenye taya, mgonjwa huota vipolipu, yaani vinyama vidogo, vingi katika utumbo mpana ambavyo visipotibiwa hugeuka saratani. Dalili za kinywani zinaweza kutangulia zile za tumboni, na kwa sababu hiyo picha ya meno iliyosomwa kwa makini inaweza kumpeleka mtu kwa daktari wa utumbo miaka kadhaa kabla hajahisi chochote. Watoto wenye mdomo sungura au kaakaa lililopasuka pia hupata meno ya ziada karibu na mpasuko.

Kuhusu tiba, swali la kwanza ni kama jino liondolewe hata kidogo. Jino lililolala kimya, lisilozuia kitu, lisilo na uvimbe wala kusimama kwenye njia ya meno yatakayosogezwa kwa waya, linaweza kuachwa likaangaliwa kwa picha za mara kwa mara, hasa ikiwa kulichimba kungehatarisha mzizi wa jirani aliye salama. Linalozuia jingine kuota, linalosukuma jirani, lenye uvimbe, au lililokaa mahali panapotakiwa kupandikizwa mfupa au jino bandia, huondolewa. Nakala halisi iliyoota ina fumbo lake, kwa kuwa wakati mwingine haiwezekani kutambua lipi la asili na lipi la ziada. Daktari mwenye busara haling'ang'anii fumbo hilo, bali hung'oa lililo na umbo duni zaidi au lililo mbali zaidi na safu. Ramani ya kawaida ya meno haina namba ya jino la ziada. Mfumo wa namba unaotumiwa Marekani huongeza 50 juu ya namba ya jirani yake, hivyo jino la ziada kando ya jino namba 8 huandikwa 58. Ninalitaja jambo hili la makaratasi kwa sababu kumbukumbu isiyo wazi ndiyo inayoweza kumfanya mtu ang'olewe jino lisilopaswa kung'olewa.

Wakati wa kuondoa ndio unaobishaniwa zaidi. Wanaotaka mapema, mtoto akiwa na miaka 6 au 7, husema kwamba jino lililozuiwa bado lina nguvu ya kushuka kwa kuwa mzizi wake haujakamilika, na kwamba kuchelewa huyaacha meno ya jirani yainamie pengo na kuliziba. Wanaotaka kusubiri hadi miaka 8 au 10 huhofia kuujeruhi mzizi mchanga, na hukumbusha kwamba mtoto mdogo aghalabu huhitaji nusukaputi, wakati mkubwa kidogo huvumilia ganzi ya kawaida. Ninavyoona, pande hizi mbili hazizungumzii jino moja. Lile linalozuia halina faida ya kungojewa baada ya kuthibitishwa, na lile lisilozuia halina haraka.

Upasuaji wenyewe si mkubwa, ila unataka utulivu. Ufizi wa kaakaa hufunuliwa nyuma ya meno ya mbele, mfupa mwembamba juu ya jino huondolewa kwa kekee huku maji yakimiminwa ili usiungue, jino hutolewa zima au kwa vipande, na ufizi hurudishwa kwa nyuzi. Neva ndogo inayotokea katikati ya kaakaa inaweza kuguswa au kukatwa, na mgonjwa akahisi ganzi nyuma ya meno ya mbele, ambayo kwa kawaida hupungua yenyewe. Katika taya la chini, karibu na magego madogo, tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa sababu hapo hutokea neva ya mdomo wa chini na kidevu.

Kuondoa kizuizi hakumalizi kazi. Nafasi ikiwapo, zaidi ya nusu ya meno yaliyozuiwa hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja na nusu, na muda huo humchosha mzazi kuliko upasuaji wenyewe. Nafasi isipokuwapo, waya huanza kuifungua. Jino likikataa kusogea, daktari hulifunua, hubandika kifungo kidogo chenye mnyororo juu ya taji lake, kisha hulivuta polepole. Lililozunguka hurudi kwa urahisi lilikotoka hata baada ya kunyooshwa, kwa hiyo hufungwa na jirani zake kwa waya mwembamba nyuma, usioonekana kwa mtu anayetabasamu.

Kwa upande wa magego madogo ya chini, hata picha safi haitoi hati ya kudumu. Meno ya ziada ya eneo hilo huweza kuanza kuumbwa miaka mingi baada ya yale ya kawaida, kiasi kwamba mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka 9 bila kuonekana kitu anaweza kukutwa nayo akiwa na miaka 15, na aliyeondolewa moja anaweza kuota jingine palepale. Kwa mtu wa namna hiyo, picha inayofuata hupangwa kabla ya waya kutolewa.